Ukubwa wa Sarafu na Kumbukumbu ya Mpaka: Senti Kumi ya Tundu na Ukusanyaji wa Sarafu Kubwa katika Eneo la Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya sarafu kubwa zilizotumika katika eneo la mpaka wa Kenya na Uganda, hususan Busia na Tororo, tangu mwanzo wa karne ya 20, pamoja na misingi inayoongoza ukusanyaji wake. Hoja kuu ni kwamba ukubwa wa sarafu katika eneo hili haukuwa kipimo cha thamani, bali alama ya uhusiano kati ya mamlaka zilizotoa fedha na wananchi waliolazimika kuiamini. Mkusanyaji anayechagua kwa kigezo cha ukubwa na ughali wa madini hupata vipande vya kupendeza ambavyo havikupita sokoni, ilhali sarafu iliyobeba historia ya mpaka huachwa kwa sababu ni ya shaba na ilikuwa nyingi mno. Makala inapendekeza kwamba sarafu za kawaida zihifadhiwe pamoja na taarifa za mahali zilipotumika, hasa wakati huu ambapo Afrika Mashariki inajadili upya fedha ya pamoja.

1. Utangulizi

Ukusanyaji wa sarafu kubwa una mashabiki wake duniani kote. Miongoni mwa vitu vinavyotajwa sana ni bamba la shaba la daler 10 lililotolewa Sweden mwaka 1644, lenye uzito unaokaribia kilo 20, na sarafu ya peni mbili iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1797 kwa wakia mbili kamili za shaba. Vitu hivyo vilikuwa vikubwa kwa sababu moja: mtoaji alitaka thamani ya madini ikaribie thamani iliyotamkwa, ili mpokeaji asihitaji kumwamini mtu. Riali ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 na uzito wa takribani gramu 28 za madini ya fedha yaliyochanganywa na shaba, ilipokelewa kwa sababu hiyo hiyo katika Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani ya Waswahili, mbali kabisa na dola iliyoitoa.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Mwaka 1908 na 1909 utawala wa Wajerumani ulitoa sarafu ya shaba ya heller 5 yenye kipenyo cha milimita 37 na uzito wa takribani gramu 20. Haikudumu. Kufikia mwaka 1913 nafasi yake ilichukuliwa na sarafu ndogo zaidi yenye tundu katikati. Sarafu yenyewe sasa ni windo la wakusanyaji, lakini jina lake limeingia katika lugha: neno "hela" linatumiwa kila siku na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kuiona heller.

Swali la makala hii linahusu eneo jingine, ambalo halitajwi mara nyingi katika orodha za wakusanyaji. Katika mpaka wa Busia na Tororo, ambako Wasamia, Wateso na jirani zao wanaishi pande zote mbili za mstari, sarafu kubwa ilikuwa na maana gani, na nini kinapotea iwapo itakusanywa kwa ukubwa wake pekee?

2. Mpaka wa utawala usio mpaka wa fedha

Hadi mwaka 1902 Busia na Tororo zote zilikuwa ndani ya Himaya ya Uganda. Mwaka huo Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Hivyo upande wa Busia ya Kenya ukatawaliwa kama sehemu ya Kavirondo ya Kaskazini, na upande wa Tororo kama sehemu ya Bukedi. Familia zilijikuta zikilipa kodi ya kibanda kwa maofisa wawili tofauti.

Fedha, hata hivyo, haikugawanywa. Kauri zilizotangulia, ambazo zimeacha jina lao katika neno la Kiganda "ensimbi" lenye maana ya pesa, ziliondolewa katika ulipaji wa kodi, na rupia ikashika nafasi. Kuanzia mwaka 1906 zilitolewa sarafu za mfumo wa rupia moja kwa senti 100, na zikaandikwa jina la himaya zote mbili kwa pamoja. Watoaji walibahatisha mwanzoni. Senti moja na nusu senti zilitengenezwa kwa alumini, madini mepesi yaliyoharibika haraka katika hali ya hewa yenye unyevu, na kufikia mwaka 1909 zikaanza kutolewa kwa aloi ya shaba na nikeli. Mlipa kodi aliyeulizwa rupia za fedha zenye uzito wa takribani gramu 12 kila moja hakuwa na sababu ya kuridhika na kipande kilichochakaa mkononi mwake.

3. Senti kumi ya tundu

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919. Mwaka 1920 thamani ya rupia ilifungwa kwenye shilingi mbili za Uingereza badala ya shilingi moja na peni nne ya awali, na rupia ikabadilishwa kuwa florini. Mwaka 1921 florini nayo ikaondolewa na shilingi ya senti 100 ikaanza. Kwa muda mfupi, mkazi wa mpaka alilazimika kujifunza fedha tatu.

Ugumu haukuwa wa majina tu. Senti ya rupia ilikuwa sehemu ya mia ya rupia; kwa kuwa rupia sasa ililingana na shilingi mbili, senti ya shilingi ilikuwa nusu ya senti ya zamani. Mtu mwenye senti kumi kumi za mfumo wa rupia, jumla yake vipande kumi, alistahili shilingi mbili. Iwapo mpokeaji angezihesabu kama senti za shilingi, mwenye nazo angepata shilingi moja tu. Senti kumi ya zamani na ile mpya zote zilikuwa na tundu katikati na tarakimu ile ile. Kosa la kusoma, au hila ya mfanyabiashara, lingeweza kufuta nusu ya akiba ya mtu pasipo sheria yoyote kuvunjwa waziwazi. Mambo haya yalitokea wakati ambapo Kenya ilitangazwa koloni (1920), kodi ilikuwa imepanda, na waajiri wa kizungu waliamua mwaka 1921 kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Kuzuka kwa chama cha Young Kavirondo Association huko Nyanza mwaka huo huo kunapaswa kusomwa pia katika mazingira hayo.

Sarafu iliyotulia baada ya msukosuko ilikuwa ya ajabu kwa kipimo cha ukubwa. Senti kumi ya mwaka 1921 na kuendelea ilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, ikiwa na kipenyo cha takribani milimita 30. Shilingi, yenye thamani mara kumi ya hiyo, ilikuwa na kipenyo cha takribani milimita 28, na ilikuwa nyepesi zaidi. Kwa maneno mengine, sarafu pana ya shaba iliyobakia mkononi mwa mkulima ilikaribiana kwa upana na rupia aliyokuwa akiitumia kulipia kodi, lakini thamani yake ilikuwa sehemu ya ishirini ya rupia hiyo. Mazoea ya kupima fedha kwa macho na kwa uzito yalibatilishwa. Kilichobaki ni kuamini maandishi.

Pembe za ndovu zilizochorwa kulizunguka tundu, pamoja na taji na jina la mfalme upande wa pili, ziliitambulisha sarafu. Tundu liliokoa madini na kurahisisha kutunga senti katika uzi. Liliondoa pia nafasi ya sura ya mfalme, na jambo hili lina matokeo yanayowavutia wakusanyaji: senti za mwaka 1936 zinapatikana kwa jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huo kabla ya sura yake kuzoeleka katika sarafu za Uingereza yenyewe. Mwaka 1964, baada ya uhuru, zilitolewa senti za tundu zisizo na taji wala jina la mfalme. Kwa hiyo sarafu ya aina moja ilishuhudia utawala wa wafalme kadhaa, malkia mmoja na mataifa matatu huru, na muda wote huo ilivuka mto Sio na mto Malaba bila kubadilishwa.

4. Mwaka 1966: mpaka wa fedha unapochorwa

Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutoa fedha zake kupitia benki kuu zao mwaka 1966. Kwa mkazi wa Busia, hapo ndipo mpaka uliochorwa mwaka 1902 ulipoingia mfukoni. Kwa miaka 64 alikuwa raia wa upande mmoja akitumia fedha ya pande zote.

Sarafu mpya zilieleza tofauti hiyo kwa umbo. Senti kumi ya Kenya ilihifadhi kipenyo cha zamani, lakini tundu lilizibwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta ikawekwa. Uganda ilihifadhi pembe za ndovu na shaba, lakini ikapunguza ukubwa wa kipande. Kila nchi ilirithi nusu ya sarafu ya pamoja: mmoja alichukua upana, mwingine mchoro.

Baada ya hapo sarafu kubwa zikaanza kuhama kutoka sokoni kwenda kwenye makabati. Ziara ya Papa Paulo wa Sita nchini Uganda mwaka 1969 iliadhimishwa kwa seti ya sarafu za fedha na dhahabu. Ile ya shilingi 30 ilikuwa na takribani gramu 60 za fedha, zaidi ya mara mbili ya riali ya Maria Theresa. Kenya iliadhimisha miaka kumi ya uhuru mwaka 1973 kwa sarafu pana ya shilingi 5 yenye pande tisa. Vipande hivi ndivyo vinavyotafutwa na wakusanyaji wa sarafu kubwa. Ile ya shilingi 30 ilitengenezwa kwa ajili ya kuhifadhiwa. Si fedha iliyonunua mtama au samaki katika soko la Tororo. Fedha ya soko ilikuwa na safari nyingine: magendo ya miaka ya 1970, kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977, na mageuzi ya mwaka 1987 yaliyoondoa sufuri mbili katika shilingi ya Uganda.

5. Ukusanyaji, upotevu na sera

Orodha za biashara ya sarafu hupanga vitu kwa mwaka, madini, ukubwa na uadimu. Vigezo hivyo vinamfaa mnunuzi, lakini havimfai mwanahistoria wa mpaka. Senti kumi ya tundu haina uadimu. Thamani yake kwa mtaalamu iko katika mahali ilipokuwa: ndani ya kopo la mzee wa Samia, katika shanga za bibi wa Kiteso, au ikiwa imetumika kama washa ya baiskeli. Sarafu ikiuzwa bila taarifa hizo, kinachobaki ni shaba. Ikiuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hata umbo halibaki.

Hatua tatu zinafaa kuzingatiwa. Kwanza, makumbusho ya taifa ya nchi zote mbili na serikali za mitaa za mpakani zipokee sarafu za kawaida, na kuandika jina la kijiji, matumizi na kipindi, badala ya kusubiri vipande adimu. Pili, kwa kuwa tangu mwaka 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, maonyesho madogo ya fedha ya pamoja yanaweza kuwekwa mahali ambapo wasafiri hubadilisha shilingi moja kwa nyingine. Tatu, shule za pande zote mbili zinaweza kutumia sarafu hizo kufundishia hesabu na historia kwa wakati mmoja.

6. Hitimisho

Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na lengo la awali la kuwa na fedha moja kufikia mwaka 2024 halikutimia. Mjadala wa sera umejikita katika mfumuko wa bei, nakisi ya bajeti na taasisi za pamoja. Historia iliyoelezwa hapa inaongeza swali la kiutendaji: kiwango cha ubadilishaji kitaelezwaje kwa mtu mwenye akiba ndogo ya sarafu, ili yaliyowezekana mwaka 1921 yasijirudie? Wakazi wa Busia na Tororo waliwahi kuishi na fedha moja kwa zaidi ya miongo sita, na waliwahi kuona senti yao ikiwa hatarini kuhesabiwa kwa nusu. Ushahidi wa mambo yote mawili ungali mikononi mwa familia. Uhifadhi wake ni kazi nafuu kuliko nyingi zinazotajwa katika mipango ya umoja wa fedha, na haiwezi kuahirishwa hadi sarafu mpya itakapotolewa.