Kapiteni aliyekula chambo chake: kutoka Ziwa Albert mpaka Victoria

Samaki ambaye wavuvi wa Tchomia na Kasenyi, jimbo la Ituri, wanamwita kapiteni, ng'ambo ya Uganda anaitwa mputa, Kisumu ni mbuta, na Mwanza ni sangara. Samaki ni yule yule. Katika Ziwa Albert ni mwenyeji tangu zamani. Katika Ziwa Victoria alipelekwa na watu, wakati wa ukoloni wa Waingereza, miaka ya 1950, kisha tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadhi ya samaki hao walichukuliwa Ziwa Albert. Ndiyo maana habari ya chambo chake inawahusu watu wa maziwa yote mawili.

Kapiteni mkubwa huwinda kinachotikisika. Kipande cha nyama kilichokufa mara nyingi hukipita tu. Kwa hiyo mvuvi anayetandaza kamba ndefu yenye ndoano nyingi jioni, akirudi kuitazama asubuhi, anahitaji samaki mdogo atakayebaki hai usiku kucha. Hapo ndipo kazi ilipo, kuliko hata kwenye kamba yenyewe.

Kule Victoria chambo cha karibu kilikuwa furu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia na walijaa kila mahali. Lakini miaka ya 1980 kapiteni alizaana sana, akawala. Aina nyingi za furu zilitoweka kabisa. Viwanda vya minofu vilifunguliwa kando ya ziwa, Ulaya ikanunua, bei ikapanda, na kila mtu alitaka kapiteni mkubwa. Wakati huo huo kapiteni alikuwa amekwisha kula chambo cha kumvulia.

Wavuvi wakageukia kambale. Aliyevua anajua sababu. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa juu ya matamvua yake, kwa hiyo hafi haraka katika ndoo yenye maji kidogo yaliyochafuka, ambapo furu angekufa baada ya muda mfupi. Hana magamba, ngozi yake ni ngumu, na ndoano haichomoki upesi. Anayefaa ni mdogo, urefu wa kidole au kuzidi kidogo. Ndoano hupitishwa kwenye nyama ya mgongo, juu ya uti. Ukigusa uti anakufa, na kazi ya usiku imepotea.

Mwanzoni kambale hao walitolewa kwenye vinamasi na mafunjo ya ufukweni. Miaka ya 2000 wafugaji wa Uganda na Kenya walianza kuwatotolesha kwa wingi, na sehemu kubwa ya vifaranga haikwenda kwa wafugaji wenzao, ilikwenda kwa watu wa ndoano. Mabwawa yaliyohubiriwa kuwa yatalisha watu yakawa yanamlisha kapiteni kwanza! Si jambo baya: kifaranga cha bwawani ni kimoja kisichotolewa ziwani. Huku nyuma furu waliosalia walikuwa wameanza kurudi tangu miaka ya 1990, na wavuvi wengine wakawatia tena kwenye ndoano. Mwaka 2007 watafiti wa Tanzania waliandika kwamba uvuvi huo wa chambo unaweza kuwarudisha nyuma samaki ambao ndio kwanza wanapona.

Mwanzoni mwa 2018 maelfu ya familia za Djugu zilivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi zikikimbia mauaji, zikatua upande wa Hoima. Mvuvi aliyeacha nyavu zake nyumbani anaweza kuanza upya na kamba na ndoano chache. Swali linalomkuta ni lile la zamani: chambo kitatoka wapi? Njia ya haraka ni kuburuta wavu wenye matundu madogo ufukweni. Wavu huo hauchagui. Unaleta kambale wadogo pamoja na watoto wa kapiteni mwenyewe, ambao hukulia katika maji hayo mafupi, na wale hawarudi majini. Tena mwaka 2017 jeshi la Uganda lilianza kusimamia uvuvi kwenye maziwa yake, na anayekutwa na wavu wa namna hiyo anaweza kupoteza wavu na mtumbwi pia. Shimo la kambale nyuma ya nyumba linahitaji maji, pumba na subira ya wiki kadhaa. Kwa familia iliyokimbia, kitu kigumu kupata kuliko hivyo vitatu ni kipande cha ardhi cha kulichimbia.