Mwenzi aliyeandikwa: kudra ya mapenzi kutoka Vuga hadi kwenye simu

Mbegha alipewa mke na watu wa Bumbuli. Alikuwa mwindaji mgeni kutoka Ngulu, mwenye mbwa na mikuki, aliyewaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba ya Washambaa na kuwagawia wenyeji nyama. Nao wakaona heri wamfunge kwao kwa ndoa kuliko kumwacha aende zake. Ndivyo anavyosimulia Abdallah bin Hemedi katika *Habari za Wakilindi*, kitabu kilichoanza kuchapwa mwaka 1895 na wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, chini ya milima ya Amani na Kwamkoro. Kisa hicho hakisumbuki kuuliza kama binti wa Bumbuli alimpenda mwindaji, wala hakisemi kwamba wawili hao waliumbiwa kukutana.

Na si kwamba kudra imekosekana humo. Imejaa tele. Mbegha alizaliwa kigego, meno yake ya juu yakitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo aliaminiwa kuwa atawamaliza jamaa zake. Wazazi wake hawakukubali auawe. Walipokufa, ndugu wakamnyima urithi. Akahamia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa mji, na rafiki yule akauawa na nguruwe wakiwa mawindoni. Akakimbia tena. Mkimbizi huyo ndiye aliyepanda Usambara, akaua simba akielekea Vuga, mji uliokuja kuwa makao ya ufalme, na akapokewa kwa jina la mnyama yule; tangu hapo wafalme wa Kikilindi, uzao wake, wakawa wanasalimiwa Simba Mwene. Kifo, urithi, ufalme, vyote vilikuwa na mkono wa kudra. Ndoa ilikuwa na mkono wa wazee.

Hadithi zinazosomwa leo na vijana kwenye simu zimegeuza mambo juu chini. Ndani yake yumo bwana mkubwa wa kundi la watu wanaogeuka mbwa mwitu, au mfalme wa nchi ya majini, ambaye siku moja ananusa harufu ya msichana asiye na jina mjini na papo hapo anajua: huyu ndiye. Hakuna posa, hakuna mshenga, hakuna ukoo unaokaa kikao. Mwezi, damu au mungu wa nchi ile amekwisha kuwafunga. Mtindo huu ulienea duniani baada ya Stephenie Meyer kutoa *Twilight* mwaka 2005, na ukapata nguvu mpya kwa mfululizo wa vitabu vya Sarah J. Maas ulioanza kutoka mwaka 2015. Programu za kusomea hadithi kwa sura fupifupi zikaufikisha kila penye mtandao, na waandishi wa Kiswahili nao wakaudaka, wakauandika kwa lugha yetu na kwa majina ya miji yetu.

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa ulioagizwa kutoka Marekani. Mimi nasema sivyo. Wazo la mwenzi aliyeandikwa ni la kale mno. Plato, katika *Karamu*, alimpa mchekeshaji Aristophanes kisa cha binadamu waliokuwa mwili mmoja, wakapasuliwa, na kila kipande kikabaki kutafuta kingine. Ibn Hazm wa Andalusia, karne ya 11, aliandika juu ya mapenzi kama kuunganika tena kwa sehemu za nafsi zilizotawanyika. Pwani yetu haikuwa nyuma. Tofauti iko katika swali moja tu, na kwangu ndilo lenye historia yote hii: hiyo kudra ya ndoa, nani ana haki ya kuisoma?

Kwa muda mrefu aliyeisoma alikuwa mzee, au mwalimu mwenye kitabu cha falaki. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, na Tanga ikiwamo, posa ikifika mwalimu huweza kuulizwa kama nyota za wawili zinapatana. Huchukua jina la kijana na la mama yake, jina la binti na la mama yake, akazigeuza herufi kuwa hesabu za abjadi, alifu moja, be mbili, jimu tatu, kisha akatoa kumi na mbili kumi na mbili hadi kibaki kiasi kinachoonyesha nyota: Hamali, Thauri, Jauza na wenzake hadi Hutu. Kila nyota ina tabia yake, ya moto, ya udongo, ya upepo au ya maji. Moto na maji, mwalimu hutikisa kichwa. Kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashari, mnajimu wa Balkh aliyeishi karne ya 9, ndicho kilichotegemewa na wengi katika kazi hiyo.

Tazama jinsi jambo hili linavyofanya kazi nyumbani. Mzazi asiyemtaka kijana fulani hana haja ya kumtukana yeye wala ukoo wake. Atasema nyota hazikupatana, na heshima ya pande zote mbili itasalimika. Mzazi anayemtaka atasema ni majaliwa. Binti hana hoja ya kutoa, maana hakujifunza abjadi. Kudra inasemwa kwa niaba yake na watu wengine, na yeye anajulishwa.

Hekaya ndizo zilizoanza kuivunja hali hiyo, na zilianza zamani. Katika *Alfu Lela Ulela*, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili ilitolewa na Longmans mwaka 1929, kuna kisa cha Kamaruzzaman na Badura. Kamaruzzaman ni mwana wa mfalme aliyekataa kuoa. Na Badura, binti aliye nchi ya mbali kabisa, amekataa kuolewa. Wote wawili wamefungiwa na baba zao kwa ukaidi huo. Usiku mmoja majini wanabishana nani mzuri zaidi kati ya vijana hao wawili, wanambeba Badura akiwa usingizini na kumlaza kando ya kijana. Wanaamshwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anamwona mwenzake amelala, anampenda, pete zinabadilishwa, na kabla ya alfajiri binti amerudishwa kwao. Kulipokucha kila mmoja anaambiwa ana wazimu. Wazimu huo ndio utamu wa kisa. Baba ana ngome, ana mawaziri, ana waganga. Mtoto ana pete kidoleni tu, ushahidi wa jambo ambalo baba hakulipanga. Anayekataa wachumba wote wa baba yake si mkaidi tena. Anamtii aliye juu ya baba.

Hapo ndipo ninapoiona siri ya mvuto wa hadithi hizi, jana na leo. Kijana aliyelelewa kwa adabu hawezi kumwambia baba, "Simtaki uliyenichagulia, namtaka huyu," kwa sababu kauli hiyo ni ya matakwa yake mwenyewe, na matakwa ya mtoto hayana uzito mbele ya ukoo. Lakini akisema huyu ndiye niliyeandikiwa, ameleta neno ambalo hata mzee analiogopa. Kudra ikawa wakili wa vijana.

Visiwani, Askofu Edward Steere alikusanya hekaya kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuzichapa London mwaka 1870. Mojawapo ni ya Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani kutafuta chembe za nafaka anaokota thumni, ananunua paa, na paa huyo anasema kama mtu. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa mji mwingine, anamposea bwana wake binti kwa kumpa jina la Sultani Darai, kisha anamuua nyoka mwenye vichwa vingi na kumchukulia bwana wake nyumba na mali ya nyoka huyo. Leo mwandishi wa hadithi za simu angeishia hapo, arusi na vifijo.

Msimulizi wa Unguja hakuishia hapo. Paa akaugua. Bwana akakataa kumtazama, akaamuru apewe uji wa mtama, katika nyumba iliyojaa kila tunu. Mke ndiye aliyelia, akamhudumia kwa siri. Paa akafa, akatupwa kisimani. Mke akalala usiku ule, akaamka yuko kwa baba yake. Mume akaamka yuko jaani, anachakura.

Sijasoma hadithi ya mapenzi ya kiajabu yenye hukumu kali kuliko hiyo. Bahati ilimletea mtu mke ambaye hakumstahili, ikampa muda wa kuwa mtu anayestahili, na aliposhindwa ikamnyang'anya. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa na moyo huohuo alipoandika *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka 1952. Adili anamkuta Mwelekevu katika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, amebaki peke yake hai. Kukutana huko ni kwa ajabu tupu. Linalofuata si la ajabu: wivu wa ndugu wa damu, hiana baharini, na maswali ya nani anaweza kusamehe. Kwa Shaaban kudra huwakutanisha watu, kisha inawaacha na tabia zao.

Miaka hiyohiyo ya 1950 kitu kingine kilikuwa kikitokea mjini Tanga na Unguja, gizani, mbele ya pazia jeupe. Filamu za Kihindi. *Awara* ya Raj Kapoor na Nargis, ya mwaka 1951, iliwaliza watu wasiojua neno la Kihindi. *Madhumati* ya mwaka 1958 ilileta wapenzi wanaozaliwa upya ili wakutane tena baada ya kutenganishwa kwa dhuluma. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na wazee wa Zanzibar juu ya enzi hizo, ameonyesha kwamba sinema hizi ziliwapa watu mahali pa kujadili jambo lisilojadilika sebuleni: je, kijana achague mwenyewe, au achaguliwe? Familia nzima ilikwenda, bibi, mama na binti, na wakarudi wakibishana juu ya watu wa Bombay huku kila mmoja akijua wanabishana juu ya nani.

Sheria nayo ikafika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka wazi kwamba ndoa haifungwi Tanzania Bara bila hiari ya wanaooana. Karatasi ilisema hivyo. Vikao vya ukoo havikufungwa siku hiyo. Mwaka 1976 Mohamed Suleiman Mohamed akatoa *Nyota ya Rehema*, riwaya ambayo jina lake linaahidi kudra, na ndani yake msichana aliyeteswa nyumbani kwa baba yake mwenyewe anaishia kujenga maisha na Sulubu, mkulima asiye na chochote ila mikono yake. Nyota ya Rehema haimwangukii kutoka juu. Anailima.

Turudi milimani. Kwamkoro ni msitu na mashamba ya chai, upande wa mashariki wa Usambara, ng'ambo ya bonde la Lwengera ukitoka Bumbuli na Vuga. Mashamba makubwa ya huku yalianza na kahawa ya Wajerumani katika miaka ya 1890, na tangu enzi hizo kazi imekuwa ikiwaleta watu kutoka mbali, wakaishi kwenye kambi pamoja na Washambaa na Wabondei. Mahali kama hapo watu wanaoana bila mbari zao kujuana. Mshenga hana mlango wa kubisha. Mjomba wa bwana harusi yuko safari ya siku mbili. Ukiwauliza wawili wa namna hiyo wamekutanaje, watasema ni Mungu tu. Nami naona jibu hilo ni la watu makini. Limechukua nafasi ya ukoo mzima ambao ungekuwepo kuthibitisha ndoa yao.

Kwa hiyo simlaumu msichana anayechuma chai mchana na kusoma habari za bwana wa mbwa mwitu usiku. Mtu ambaye thamani yake hupimwa kwa kilo za majani kwenye mizani ana kila haki ya kufurahia hadithi inayosema alihesabiwa tangu kabla hajazaliwa.

Ninacholaumu ni kingine, na nakisema kwa uchungu. Katika nyingi ya hadithi hizi mpya, kifungo cha kudra hakikatiki hata mwanamume afanye nini. Anamfungia ndani, anamdhalilisha mbele ya kundi, anamkana kisha anamrudia, na mwandishi anatuambia tumvumilie kwa kuwa ndiye aliyeandikwa. Hapo kudra imeacha kuwa wakili wa kijana. Imerudi kuwa mjumbe wa wazee wale wale, safari hii imevaa manyoya. Msichana ameponyoka kwa baba na kuingia mikononi mwa mtu ambaye hata talaka haimhusu. Msimulizi wa Unguja, zaidi ya miaka 150 iliyopita, alikuwa na ujasiri wa kumrudisha mume kama huyo jaani.

Waandishi wa Tanga, Muheza na Lushoto wanaotafuta bwana wa kutisha mwenye mnyama ndani yake hawana haja ya kuazima mbwa mwitu wa ugenini, mnyama ambaye milima hii haimjui. Wanaye Simba Mwene. Wanaye kigego aliyekimbia kwao na kuwa mfalme. Kitabu cha *Habari za Wakilindi* kilihaririwa na J.W.T. Allen na kutolewa tena mwaka 1962. Kisomeni, kisha mtuandikie kisa cha binti wa Bumbuli, na safari hii yeye aulizwe.