Twiga, "giraffe" na Mchina wangu

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena mambo ya assignment. Huku Kikuyu upepo unapiga, vumbi mpaka kwenye madaftari, ila tunasonga.

Leo nina kisa, tena cha aibu. Kuna jamaa kutoka China, fundi wa ujenzi, jioni namsaidia Kiingereza pale kwa mama wa chai. Juzi nikamwonyesha picha ya twiga nimuulize jina. Akafikiri weee, akasema kwa Kiingereza chake: "kulungu shingo ndefu." Basi bwana, nikacheka, na washkaji wa meza ya pili wakacheka. Jamaa akanyamaza, akafunga daftari. Kesho yake hakuja.

Mimi nasomea ualimu, jamani! Usiku sikulala vizuri, nikaanza kuchimba hilo neno.

Kumbe kwa Kichina cha leo twiga anaitwa changjinglu, na maana yake ndiyo hiyo hiyo, kulungu wa shingo ndefu. Jamaa alitafsiri sawasawa kabisa. Lakini Wachina walishawahi kumpa twiga jina kubwa zaidi ya hilo. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea mfalme Yongle wa China zawadi ya twiga. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi, hapo jirani Kenya, wakapeleka wa kwao. Hizo ni enzi za safari za Zheng He, saba kwa jumla, kati ya 1405 na 1433. Kule ikulu wakasema huyu ni qilin, mnyama wa hadithi zao za kale anayetokea pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki. Twiga akachorwa, akatungiwa na maneno ya sifa.

Sasa tujiulize kama wanahistoria: kwa nini waliona qilin? Yongle alikuwa amemnyang'anya kiti mtoto wa kaka yake mwaka 1402. Mtu wa namna hiyo anahitaji sana ishara kwamba mbingu zinamkubali. Twiga wa Malindi akamfaa. Wajapani mpaka leo twiga wanamwita kirin, neno lilelile.

Na hao Waingereza tunaowaona ndiyo kipimo? Neno "giraffe" asili yake ni Kiarabu, zarafa, likapitia lugha za Ulaya. Kabla halijazoeleka walimwita "camelopard", yaani ngamia-chui! Jina la kisayansi bado linabeba hiyo habari: Giraffa camelopardalis. Sasa kati ya ngamia-chui na kulungu shingo ndefu, nani wa kuchekwa?

Kila mtu alimwita kwa kile alichokuwa nacho nyumbani. Ila sisi tulikuwa naye mwenyewe, tukamwita twiga, tukamaliza.

Siku ya tatu nikamfuata jamaa anakoishi. Nikamwambia, "Kaka, nisamehe, wewe ulikuwa sahihi, mimi ndiye sikujua." Nikamsimulia habari za Malindi. Akatabasamu, akaandika qilin kwa herufi zao kwenye daftari langu. Tukarudi kwenye somo. Kwa Kichina jina la mnyama halibadiliki akiwa mmoja au kumi, linatangulizwa neno la kuhesabia tu. Kwetu pia twiga mmoja, twiga kumi, kinachobadilika ni anakula na wanakula. Mwingereza ndiye anayedai "s" mwishoni: "one giraffe, two giraffes." Nilipomwonyesha hivyo alielewa palepale. Na ile sauti ya kwanza ni "j" kama ya jirani, mkazo uko mwishoni.

Wadau wenzangu mnaojiandaa kwenda field, nawaomba jambo moja. Mwanafunzi akikupa jibu la ajabu, kabla hujacheka muulize amelitoa wapi. Mimi nusura nimpoteze mwanafunzi wangu wa kwanza kwa kicheko cha sekunde tano, na jibu lake lilikuwa na historia ya miaka 600 nyuma yake.

Haya, niwaache, kesho nina test saa mbili asubuhi na sijagusa kitu. Alamsiki!