Miji Iliyopimwa kwa Hundi

Katika miaka ya 1920 kurasa za biashara za magazeti ya Marekani zilikuwa na orodha moja iliyojirudia kila wiki, bila picha wala maelezo. Upande mmoja majina ya miji: Memphis, Louisville, Fresno, Spokane, Savannah, Tulsa. Upande wa pili tarakimu, kwa maelfu ya dola. Kila tarakimu ilikuwa jumla ya fedha ambazo watu, maduka, viwanda na ofisi za serikali za mji huo walizitoa kwenye akaunti zao za benki katika siku saba zilizoishia Jumatano. Kando yake iliwekwa tarakimu ya wiki iliyotangulia na ya wiki kama hiyo mwaka uliopita. Mfanyabiashara wa Savannah aliweza kuona kwa kutupa jicho mara moja kama mji wake unasonga au umezorota.

Orodha hiyo inastahili heshima kuliko inavyopewa. Wakati huo pato la taifa halikuwa likihesabiwa rasmi. Ripoti ya mchumi Simon Kuznets kuhusu pato hilo ililifikia Bunge la Marekani Januari 1934, nayo ilihusu miaka iliyokwisha kupita. Aliyetaka kujua biashara ilikwendaje juma lililopita alikuwa na vitu vichache vya kutazama: bei za hisa, mabehewa ya mizigo yaliyopakiwa relini, na hundi.

Kuhesabu hundi kulizaliwa na adha ya matarishi. Mwaka 1849 New York ilikuwa na benki 24. Kufikia 1853 zilikuwa 57. Kila benki ilipokea hundi za benki zote nyingine, na kila siku tarishi alitoka na mfuko na daftari, akazunguka mlango hadi mlango akikabidhi hundi na kudai fedha. Hesabu kamili zilifungwa Ijumaa. Siku hiyo matarishi walijazana Wall Street wakiwa na dhahabu mikononi, huyu akimdai yule, yule akimdai wa tatu, na makosa ya juma zima yakitafutwa kwa mara moja. Benki yenye mizania dhaifu iliweza kujificha nyuma ya vurugu hiyo, ikaishi kwa fedha za wenzake kuanzia Jumamosi hadi Ijumaa nyingine.

George D. Lyman, mtunza vitabu vya hesabu, alishauri benki zote zikutane mahali pamoja. Jumba la kubadilishana hundi la New York lilianza kazi Oktoba 1853 likiwa na benki 52, na siku ya kwanza zilibadilishana hundi za zaidi ya dola milioni 22. Kila benki ilileta makarani wawili. Mmoja aliketi mezani, mwingine alibeba mafurushi ya hundi. Saa nne asubuhi ishara ilipotolewa, wabebaji wote walisogea pamoja kutoka meza hadi meza, wakiacha furushi na kuchukua sahihi. Baada ya kama dakika kumi kila benki ilikuwa imepokea hundi zake zote. Kisha kila moja ilitoa ilichodaiwa katika ilichodai, na tofauti tu ndiyo iliyolipwa. Karani aliyekosea hesabu au kuchelewa alitozwa faini.

Boston ilifuata mwaka 1856, Philadelphia 1858, Chicago 1865. Mwaka huohuo wa 1865 William Buck Dana alianzisha Commercial and Financial Chronicle, na gazeti hilo, pamoja na Bradstreet's lililokuja baadaye, likaanza kuzichapa jumla za hundi zilizobadilishwa katika miji mbalimbali. Hapakuwa na aliyekusudia kupima uchumi wa nchi. Mameneja wa majumba walikuwa na jumla hizo tayari kwa kazi yao wenyewe; magazeti yaliziomba, na wasomaji wakazizoea.

Tatizo ni kwamba hesabu ile ilipima kazi ya jumba, wakati wasomaji walidhani inapima biashara ya mji. Mwenye kiwanda akimlipa mwuza makaa ya mawe, na wote wawili wana akaunti benki moja, hundi yao haikufika kabisa kwenye jumba. Benki mbili zilipoungana, mamilioni yalitoweka kwenye orodha ilhali hakuna duka lililopoteza hata mteja mmoja. California ilionyesha jambo hili waziwazi. Bank of Italy ya A. P. Giannini, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1904, ilinunua benki ndogo mji baada ya mji na kuzifanya matawi. Hundi iliyowahi kuvuka kutoka benki moja kwenda nyingine sasa ilihama tu kutoka ukurasa mmoja wa leja hadi mwingine. Huko New York madalali wa hisa walianzisha chombo chao cha kusawazisha malipo mwaka 1920, na fungu kubwa la hundi likaondoka jumbani. Kwa upande mwingine, miji iliyokuwa njia panda ya hundi za vijijini ilionekana mikubwa kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa karatasi za wengine zilipitia kwao.

Sheria ya Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, ilitiwa saini na Rais Woodrow Wilson tarehe 23 Desemba 1913, na benki zake 12 za kanda zikafunguliwa Novemba 1914. Bodi ya Washington ilihitaji kujua fedha zinakwendaje katika kila kanda, na hesabu za majumba zilikuwa zikiwapotosha. Mwaka 1918 ilianza kukusanya hesabu nyingine: kila benki iseme ni kiasi gani kilichotolewa kwenye akaunti za wateja wake, iwe hundi ilikwenda jumba, ilibaki mlemle ndani, au ilitumwa mji wa mbali. Akaunti ambazo benki moja iliifungulia benki nyingine ziliachwa nje, ili fedha ileile isihesabiwe kwa kupita tu. Mameneja wa majumba waliombwa kukusanya tarakimu za mji wao na kuzipeleka benki ya kanda, kutoka huko zikaenda Washington kwa simu ya waya. Mfululizo wa miji 141 unaweza kufuatwa tangu 1919.

Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, kumbe yaligeuza swali zima. Hesabu ya zamani iliuliza benki zinadaiana nini. Hii mpya iliuliza watu wamelipa nini.

Jaribio la kwanza lilikuja upesi, na lilikuwa kali. Mwanzoni mwa 1920 ratili moja ya pamba iliuzwa karibu senti 40. Mwaka ulipokwisha ilikuwa karibu senti 15. Memphis iliishi kwa pamba: kila msimu wa mavuno marobota yaliteremka kutoka bonde la Mississippi, wanunuzi waliandika hundi kwa wenye mashamba, wenye mashamba wakawalipa wenye vinu vya kuchambulia, wauza mbolea na benki zilizowakopesha tangu masika. Robota moja liliweza kuzaa hundi tano au sita kabla ya kupakiwa. Bei ilipoanguka, kila moja ya hundi hizo ilipungua, na jumla ya mji ikashuka hata pale marobota yalipokuwa mengi vilevile. Kwa hiyo msomaji makini alijifunza mapema kwamba tarakimu ile ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, wingi wa bidhaa na bei yake, na kwamba lazima avifungue kabla ya kusema lolote.

Kuna jambo la tatu lililofungwa humo, nalo halikuandikwa popote kwenye jedwali. Waliolima pamba ile, wengi wao Wamarekani weusi, walilima mashamba ya watu wengine kwa mgao wa mavuno. Walichukua unga, chumvi na nguo kwa mkopo kwenye duka la mwenye shamba, na Desemba walisomewa hesabu kutoka daftari ambalo hawakuruhusiwa kulihoji. Wengi walitoka hapo bado wakidaiwa. Hawakuwa na akaunti benki. Msimu ambao tarakimu za Memphis zilipanda ulitegemea mikono yao kabisa, lakini malipo yao hayakuwamo hata senti moja, kwa sababu mahesabu yao yaliishia dukani. Anayesoma majedwali hayo leo akidhani anaona uchumi wote wa bonde la Mississippi anakosea pakubwa: anaona uchumi wa wenye hundi.

Mtu aliyefanya bidii kuliko wengi kuzipa tarakimu hizo maana alikuwa Carl Snyder, mwanatakwimu wa Benki ya Federal Reserve ya New York. Aliiondoa New York yenyewe kwenye hesabu, uamuzi uliohitaji ujasiri kwa mtu aliyeajiriwa huko. Hoja yake ilikuwa kwamba hundi za New York zilijaa biashara ya hisa na mikopo ya madalali, ambamo milioni moja huzunguka mara nyingi bila kiatu kimoja kushonwa. Miji 140 iliyobaki ndiyo iliyomwonyesha viatu, makaa, ngano na mishahara. Kisha aligawanya jumla kwa faharasa ya bei, akaondoa mawimbi ya misimu, na kupata kipimo cha wingi wa biashara. Snyder alifuata njia iliyofunguliwa na Irving Fisher, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1911 alionyesha kwamba kiasi cha fedha peke yake hakitoshi. Lazima ujue pia amana za benki zinazunguka kwa kasi gani. Sasa kasi hiyo iliweza kupimwa: chukua fedha zilizotoka, gawanya kwa amana zilizokuwapo.

Kasi, hata hivyo, hulaghai. Miami ilithibitisha. Mwaka 1925 viwanja vya Florida viliuzwa na kuuzwa tena na vijana waliosimama vibarazani wakiwa na hati za arubuni mifukoni. Kiwanja kimoja kilibadilisha wenyewe mara kadhaa kabla mpimaji hajakanyaga, na kila mkono ulioandika hundi uliongeza jumla ya mji. Hundi zilizobadilishwa Miami mwaka huo zilifikia dola 1,066,528,000. Wanunuzi wapya walipokwisha, na kimbunga cha Septemba 1926 kikaja kubomoa kilichokuwa kimejengwa kwa haraka, mwaka uliisha kwa dola 632,867,000. Mwaka 1928 zilibaki 143,364,000. Hiyo ni hesabu ya zamani ya majumba, lakini hesabu mpya nayo isingeweza kutenganisha hundi ya nyumba na hundi ya ndoto. Wasomaji wa Kenya wanaujua mtego wa aina hii: katika takwimu za fedha za simu ambazo Benki Kuu yao huzitoa kila mwezi, shilingi iliyowekwa kwa wakala wa Nairobi na kutolewa kwa wakala wa Kisii huhesabiwa inapoingia na inapotoka.

Mwaka 1929 onyo la Snyder lilionekana kwa nchi nzima. Fedha za New York zilizunguka kwa kasi kubwa huku soko la hisa likipanda, na baada ya anguko la Oktoba kasi hiyo ilikatika. Miji mingine ilishuka taratibu zaidi, lakini haikuacha kushuka. Kati ya 1930 na 1933 benki kama 9,000 zilifungwa, na kila moja ilipofungwa wateja wake walibaki na vitabu vya hundi visivyo na kazi.

Bunge nalo liliongeza mzigo. Sheria ya kodi ya mwaka 1932 ilitoza senti mbili kwa kila hundi, kuanzia tarehe 21 Juni mwaka huo hadi mwisho wa 1934. Senti mbili kwa mwenye kiwanda si kitu. Kwa fundi anayelipa bili ya dola moja ni sababu tosha ya kulipa taslimu, na hofu ya benki ilikuwa tayari imemwelekeza huko. Sehemu ya kushuka kwa tarakimu za miaka hiyo, basi, ni watu walioendelea kulipana, ila kwa noti walizozitoa chini ya godoro.

Detroit ilifika mwisho kabla ya wengine. Tarehe 14 Februari 1933 Gavana William Comstock alizifunga benki zote za Michigan. Machi 6 Rais Franklin Roosevelt, akiwa na siku mbili tu madarakani, alizifunga za nchi nzima. Kazi ya kuzifungua ilifuata ramani ambayo watu wa hundi walikuwa wameichora kwa miaka 80: tarehe 13 Machi zilifunguliwa benki zilizokaguliwa katika miji 12 ya Federal Reserve, tarehe 14 katika miji yenye majumba ya kubadilishana hundi yaliyotambuliwa, na tarehe 15 kwingineko. Mji wenye jumba ulikuwa mji unaojulikana, wenye mameneja waliozoea kutuma tarakimu zao Washington. Benki mbili kubwa za Detroit hazikufunguliwa tena, na mji huo wa magari ulingoja hadi 24 Machi kupata National Bank of Detroit, iliyoanzishwa kwa mtaji wa General Motors na serikali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ripoti ya kila wiki ikawa ya kila mwezi. Baada ya vita tarakimu ziliendelea kutolewa, New York peke yake, miji sita mikubwa kundi lake, na mingine kundi la tatu, kwa ule ule uamuzi wa kutochanganya soko la fedha na biashara ya kawaida. Lakini uhamishaji wa fedha kwa mitambo ulizidi kukua, na malipo makubwa ya wafanyabiashara wa dhamana yakaenea hata nje ya New York, mpaka hundi ya mwokaji mikate haikuonekana tena ndani ya jumla hizo. Pato la taifa, ajira na mauzo ya rejareja vilikuwa tayari na takwimu zake. Katikati ya miaka ya 1990 Federal Reserve iliacha kutoa mfululizo huo. Majedwali ya zamani yamebaki katika matoleo ya Federal Reserve Bulletin, na watafiti wa Mdororo Mkuu bado huyafungua wanapotaka kujua Spokane au Savannah iliumia kiasi gani na katika mwezi upi, kwa kuwa takwimu nyingine nyingi za miaka ile zinazungumzia nchi nzima au jimbo zima.