Mji wa Bristol na Watu Waliouzwa

Mzee mmoja wa kanisa letu alitujia jioni, ameshika barua mkononi. Mwanawe alikuwa amekwenda kusoma katika mji wa Bristol, nchi ya Uingereza, naye aliandika habari za baridi na za chakula, bali juu ya mji wenyewe hakusema neno. "Mwalimu," akasema yule mzee, "mwanangu nimemtoa mahali ninapopajua, nikampeleka mahali nisipopajua. Mji huo ni wa watu gani?" Usiku ule tulimjibu maneno machache. Baadaye tuliona yafaa kuyaandika kwa urefu, maana wako vijana wengine wa kwetu waendao Uingereza kusoma au kuuguza wagonjwa, na wazazi wao wana swali lilo hilo.

Bristol uko upande wa magharibi wa Uingereza, yapata kilometa 190 kutoka London, na katika hesabu ya mwaka 2021 watu wake walizidi 470,000. Jina lake katika Kiingereza cha kale lilikuwa Brycgstow, maana yake mahali penye daraja, kwa kuwa mji ulianza penye daraja la mto Avon. Bahari haionekani pale. Lakini maji ya bahari huingia mtoni kwa nguvu isiyo na mfano kwetu. Wenzetu wa pwani wanajua bamvua, nao wajua kwamba hata wakati wa bamvua maji ya Dar es Salaam hayapandi mita 5. Penye mlango wa mto Avon hupanda mita 12 na kuzidi. Zamani, maji yalipokupwa, merikebu zote gatini zililala juu ya tope, na iliyojengwa vibaya ilivunjika mbavu. Kwa sababu hiyo mafundi wa Bristol walisifiwa kwa merikebu imara, na mabaharia wao kwa kufunga shehena isisogee. Mwaka 1804 ndipo walipoanza kazi ya kuziba mto kwa malango na kuuchimbia njia mpya, na tangu mwaka 1809 maji ya bandari ya mjini hayakupwi tena. Merikebu za biashara zimekwisha kuhamia bandari kubwa zilizo karibu na bahari, na mgeni atakayetembea kandokando ya maji hayo leo ataona mashua za matembezi, nyumba za chakula, na makumbusho.

Mgeni afikaye kwa treni hushuka katika stesheni ya Temple Meads. Na achukue koti la mvua, na viatu vya kupandia vilima, kwa maana mji una miinuko mingi. Aende kwanza mtaa wa Corn Street, penye nyumba ya wafanya biashara iliyofunguliwa mwaka 1743. Saa ya nyumba ile ina mishale miwili ya dakika. Sababu yake ni hii: jua huonekana London kabla ya kuonekana Bristol, na zamani kila mji ulifuata jua lake mwenyewe, hata Bristol ukawa nyuma ya London kwa dakika 10. Reli ilipokuja, watu wakakosa treni. Mji ulikubali saa ya London mwaka 1852, lakini mshale wa pili haukuondolewa. Sisi waalimu, ambao kila mwaka twasumbuka kuwaeleza watoto jinsi dunia inavyozunguka, tungefurahi sana kuwa na saa ile ukutani.

Mbele ya nyumba hiyo pana meza nne za shaba, kila moja na mguu mmoja, ambazo juu yake wafanya biashara walihesabiana fedha. Hapo na tusimame kidogo, maana jibu la swali la mzee wetu liko katika fedha hizo.

Zamani sana, zaidi ya miaka 900 iliyopita, Bristol ulikuwa mji wa kuuza watu, na watu waliouzwa walikuwa Waingereza. Walinunuliwa pande zote za nchi, vijana wa kiume na wa kike, wakafungwa kamba safu safu, wakavushwa bahari kwenda Ireland. Askofu Wulfstan wa Worcester alisikia habari hiyo. Hakutuma waraka, alikwenda mwenyewe, akakaa Bristol miezi miwili au mitatu kwa safari moja, na kila Jumapili akawahubiri watu wa mji, hata wakaanza kuiacha kazi ile. Wulfstan alifariki mwaka 1095, na mwaka 1102 baraza la kanisa lililokutana Westminster likakataza kuuza watu kama wanyama. Wanafunzi wetu huuliza mara kwa mara kama Wazungu waliwahi kuuzana wao kwa wao. Jibu ni kwamba waliuzana, na gatini pa Bristol ni mahali pamoja pa kuuzana huko.

Ingedhaniwa kwamba mji uliofundishwa hivyo usingerudia. Ulirudia. Mwaka 1698 sheria iliyoipa kampuni moja ya London haki ya biashara ya Afrika ililegezwa, na wafanya biashara wa Bristol, waliokuwa wakiidai nafasi hiyo kwa bidii, wakatuma merikebu zao pwani ya magharibi ya Afrika. Walipakia vyombo vya shaba, nguo, bunduki na baruti, wakapewa watu, wakawapeleka Jamaica, Barbados, Nevis na Virginia, kisha wakarudi nyumbani na sukari, tumbaku na fedha. Mpaka mwaka 1807, biashara ilipokatazwa, merikebu za Bristol zilifunga safari zaidi ya 2,000 za namna hii, na watu waliochukuliwa wakadiriwa kuwa yapata nusu milioni. Katika miaka ya 1730 kulikuwa na wakati Bristol ulipoishinda London yenyewe. Watumwa hao wengi hawakuuona mji kamwe, na wenyeji wengi hawakumwona mtumwa. Waliona sukari. Hilo ndilo jambo ambalo mgeni hana budi kulikumbuka apitapo katika mitaa mizuri ya Clifton na Queen Square: nyumba ni nzuri kweli, na jasho lililolipa sehemu kubwa ya gharama yake lilimwagika mbali sana.

Palikuwa na watu wa kupinga. Mwaka 1787 kijana Thomas Clarkson alifika kukusanya ushahidi. Mwenye kilabu cha pombe kiitwacho Seven Stars, ambacho kingaliko, alimpeleka usiku katika vilabu vingine akaone jinsi mabaharia walivyolewesha na kutiwa kwa hila katika merikebu za watumwa. Mwaka uliofuata John Wesley alihubiri juu ya utumwa katika nyumba ya sala iitwayo New Room, iliyojengwa tangu mwaka 1739. Katikati ya mahubiri palitokea kishindo, watu wakafadhaika na kukanyagana. Walakini mwaka 1791, Bunge lilipoukataa mswada wa kukomesha biashara hiyo, mji ulishangilia: mizinga ilipigwa, mabaharia na wafanya kazi wakapewa nusu siku ya kupumzika, na kengele za makanisa zikalia. Kengele za makanisa! Sisi tuliozoea kusimulia jinsi kanisa kuu la Unguja lilivyojengwa mahali pa soko la watumwa, baada ya soko kufungwa mwaka 1873, twaona vigumu kulisoma jambo hili, lakini si haki kumficha msomaji. Utumwa wenyewe ulipokomeshwa katika makoloni ya Waingereza, serikali ililipa pauni milioni 20, nazo walipewa waliokuwa na watumwa. Watumwa hawakupewa kitu.

Mji uo huo, miaka michache baadaye, ulikuwa na George Müller, mtu wa Prussia, aliyeanza kulea yatima mwaka 1836. Nyumba zake tano za mawe katika kilima cha Ashley Down zilichukua watoto zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja, naye hakumwomba mtu fedha. Aliomba kwa Mungu tu. Mzee wetu alifurahi sana kwa habari hii, akatutaka tuirudie.

Tuje sasa karibu na siku zetu. Baada ya vita kuu ya pili watu wa Jamaica na visiwa vya karibu walihamia Bristol kufanya kazi. Kampuni ya mabasi ya mji ilikataa kuwaandika weusi kuwa madereva na makondakta. Mwaka 1963 kijana Guy Bailey aliitwa kuhojiwa kwa kazi hiyo, na alipoonekana rangi yake akaambiwa nafasi zimekwisha. Paul Stephenson, Roy Hackett na wenzao wakawaita watu kuyasusia mabasi. Walitembea kwa miguu, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana pamoja nao, hata tarehe 28 Agosti kampuni ikaacha katazo lake. Mwezi wa Septemba kondakta wa kwanza asiye Mzungu, Raghbir Singh, Kalasinga, alianza kazi. Mwaka 2016 mji ulimchagua Marvin Rees, ambaye baba yake ni mtu wa Jamaica, kuwa Meya, akashika kazi hiyo mpaka mwaka 2024 cheo hicho kilipoondolewa.

Katika siku za Meya huyu ndipo sanamu ya Edward Colston ilipoanguka. Colston alikuwa mkubwa katika kampuni ya London iliyouza watumwa. Kwa mali yake alijenga shule na nyumba za maskini katika Bristol, na mwaka 1895, yapata miaka 170 baada ya kufa kwake, wenyeji walimsimamishia sanamu yenye maneno ya kumsifu wema na hekima. Juu ya watumwa haikuandikwa neno. Watu waliomba maneno yaongezwe. Wakabishana miaka mingi. Tarehe 7 Juni 2020 kundi la watu liliifunga kamba, likaiangusha, likaiviringisha mpaka bandarini na kuitosa. Wako wanaosema sheria haikufuatwa, nasi hatupendi ghasia. Lakini miaka ile ya mabishano ilikuwa mingi mno kwa maneno machache ya kweli. Sanamu iliopolewa, na sasa imelazwa chali, na rangi iliyopakwa siku ile ingaliko, katika makumbusho ya M Shed, ambayo kiingilio chake ni bure.

Karibu na mahali ilipotoswa pana daraja la miguu lenye pembe mbili kubwa, lililofunguliwa mwaka 1999. Laitwa daraja la Pero. Pero alikuwa mtumwa wa Nevis, aliyenunuliwa pamoja na dada zake wawili alipokuwa na miaka 12, akaletwa Bristol na bwana wake John Pinney, akafa mwaka 1798. Nyumba ya Pinney iko Great George Street, nayo ni makumbusho. Mgeni aweza kuona jiko na ngazi.

Mwenye nafasi ya siku moja zaidi na apande basi mpaka Henbury, pembeni mwa mji, aingie uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria. Pale pana kaburi la kijana Mwafrika, mtumishi wa bwana mkubwa, aliyekufa mwaka 1720 mwenye umri wa miaka 18. Mawe yake yamepakwa rangi na kuchongwa nyuso za malaika weusi. Jina aliloandikwa ni Scipio Africanus, ambalo ni jina la jemadari wa Roma aliyesifiwa kwa kuishinda Afrika, na mtu aliyempa kijana jina hilo bila shaka alijua. Jina alilopewa kwao halikuandikwa. Mzee wetu amemwandikia mwanawe aende Henbury, asimame hapo, kisha amweleze kama nyasi za kaburi hufyekwa.