Maziwa Yalivyofika Kasongo

Kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, ni nchi ya wakulima na wavuvi. Mbuzi wapo, kuku wapo, na samaki wa Lualaba wapo, lakini ng'ombe hawakuwa mali ya kale ya Kasongo na Kabambare. Sababu kubwa ni mbung'o, inzi wa vichakani na kandokando ya mito, ambaye humwambukiza ng'ombe nagana na kumkondesha hadi afe. Na pasipo ng'ombe, mtu mzima hazoei maziwa.

Miili nayo ina historia yake. Mtoto huzaliwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho huvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, ndani ya utumbo mdogo. Kwa binadamu walio wengi kimeng'enya hicho hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria huila na kutoa gesi. Tumbo hujaa, hunguruma, na pengine huharisha. Huo si ugonjwa wa kuambukiza wala upungufu wa ukoo fulani, bali ndiyo hali ya zamani ya wanadamu.

Karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waungwana ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ikapita Kabambare na kufika Lualaba. Mwaka 1870 mpelelezi Livingstone alikwama miezi mingi Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kwa vidonda vya miguu. Baadaye mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake, na kuzunguka mji kukastawi mpunga, miwa na michungwa, mengi kwa jasho la watumwa. Hilo lisisahauliwe kila utajiri wa mji ule unaposifiwa. Aprili 1893 jeshi la Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, liliuteka mji, na Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa nalo, akaandika kwamba walikuta ng'ombe wa aina tatu, wakapata maziwa na siagi. Kwa maoni yangu, ng'ombe hao walikuwa anasa ya wakubwa wa mji. Miongo michache haikutosha kubadili chakula cha vijijini, seuze maumbile ya watu.

Wakati huohuo wanasayansi wa Ulaya walianza kuchunguza bakteria wa maziwa. Mwaka 1905 Mbulgaria Stamen Grigorov alimtambua bakteria wa mtindi wa kwao, na baadaye mwanasayansi Metchnikoff wa Paris akatangaza kwamba mtindi hurefusha maisha. Ahadi hiyo ilipita kiasi, lakini iliwafanya watu wawatazame bakteria kama wasaidizi pia, si maadui tu.

Kwa nini basi wengine hunywa maziwa bila taabu? Maelezo ya kwanza ni ya urithi. Mwaka 2007 mtaalamu wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya jeni yanayodumisha laktasi ukubwani, tofauti na yale ya Ulaya, na kwamba yalienea katika maelfu ya miaka ya ufugaji. Maelezo ya pili ni ya mazoea: anayekunywa kidogo kidogo kila siku huwazoeza bakteria wa utumbo mpana kuila laktosi bila kutoa gesi nyingi. Jeni hueleza mengi, lakini si yote. Wasomali wengi wasio na laktasi ya ukubwani hunywa maziwa kwa wingi, na hapo ndipo maelezo ya pili yanapopata nguvu.

Mtindi una njia yake. Bakteria wake hula sehemu ya laktosi wakati maziwa yanapoganda, kisha kimeng'enya chao huendelea kuivunja tumboni mwa mnywaji. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali faida hiyo, mradi kila gramu ya mtindi iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100. Mtindi uliochemshwa baada ya kuganda huipoteza. Maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji, ambayo ndiyo humfikia mkazi wa Kasongo kwa urahisi zaidi, yana laktosi yote. Afadhali anayesumbuka anywe kikombe kidogo pamoja na chakula.

Ila mzazi asihamishie shauri hili kwa mtoto mchanga. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, kama gramu 7 kwa mililita 100 dhidi ya 5, na laktasi ya mtoto huyo ingali tele. Hata akiharisha, aendelee kunyonya.