Neno Usimamizi, na Habari za Mpaka wa Rusumo

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema juu ya neno moja linalotumika kila siku shambani, shuleni na barazani, nalo ni neno usimamizi. Asili yake ni simama. Katika simama twapata simamia, yaani kusimama mahali kwa ajili ya kazi au watu fulani. Na katika simamia hutoka msimamizi. Msimamizi basi si mwenye mali. Mtu akifa, msimamizi wa mirathi huzilinda haki za warithi, kisha hutoa hesabu mbele ya hakimu. Mambo mawili yamo katika neno hili: kuwapo mahali pa kazi, na kutoa hesabu kwa mwingine. Likikosekana moja, hubaki jina tupu.

Sisi wa upande huu wa Ngara tunao mfano mkubwa wa jambo hili, na mfano huo ni mto wetu Kagera.

Mwezi wa Mei 1894 Mjerumani von Götzen aliuvuka mto huo penye maporomoko ya Rusumo, akaingia Rwanda. Baadaye Wajerumani wakazitawala ng'ambo zote mbili. Ilipofika vita ya 1914 hadi 1918 walishindwa, Wabelgiji wakashika Rwanda na Burundi, na Waingereza wakashika Tanganyika. Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji wakapatana jinsi ya kugawana. Rwanda na Burundi zilikuwa fungu la Ubelgiji, ila nchi ya Gisaka, iliyo magharibi ya Kagera, ilikatwa ikapewa Uingereza. Sababu yake ilikuwa njia ya reli: Waingereza walitaka kuipitisha huko kutoka Uganda kwenda kusini. Watu wa Gisaka hawakuulizwa. Mwezi wa Machi 1922 wakajikuta chini ya bendera nyingine.

Lakini nchi hizi hazikupewa washindi kuwa mali yao. Chama cha Mataifa kiliziweka mikononi mwao kama amana, na kila mwaka walipaswa kupeleka taarifa mjini Geneva, mbele ya tume iliyowahoji juu ya utawala wao. Maana yake, waliosimamia nao walisimamiwa.

Mfalme Musinga wa Rwanda alilalamika kwamba ufalme wake umekatwa vipande. Askofu Léon Classe wa misioni ya Katoliki naye aliandika barua kuutetea ufalme huo. Tume ikaona kuwa malalamiko ni ya haki, na zile serikali mbili zikatakiwa zifikiri tena. Zikakubali. Tangu tarehe 1 Januari 1924 Gisaka ilihesabiwa tena kuwa sehemu ya Rwanda, na mto ukawa mpaka. Ile reli haikujengwa kamwe.

Hapo twaona faida ya kutoa hesabu. Hata hivyo tusisifu kupita kiasi. Tume ile ilikaa Geneva ikisoma karatasi. Haikutuma watu wake kuja kutazama. Tena mwenye malalamiko alipaswa kuyapitisha kwa serikali ile ile aliyoilalamikia. Mfalme alikuwa na askofu wa kumwandikia; je, mchungaji wa ng'ombe angeandikiwa na nani? Hapa kwetu nchi ya Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, ilibaki Tanganyika. Usimamizi ulikuwapo, lakini msimamizi hakusimama mahali pa kazi.

Baada ya vita ya pili ulimwengu ulijaribu kurekebisha kasoro hiyo. Mwaka 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1948 wajumbe wa kwanza wa Baraza la Udhamini walifika wenyewe Tanganyika, na Rwanda na Burundi pia, wakawasikiliza watu. Mwezi wa Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilo huko New York akiwasemea watu wake. Tarehe 9 Desemba 1961 amana ikarudi kwa wenyewe.

Basi, ndugu zetu, mkichagua msimamizi wa ghala la ushirika, au wa kisima, au wa jengo la shule, muulizeni maswali mawili. Kwanza: utasimama hapa, au utasoma karatasi ukiwa mbali? Pili: utatoa hesabu kwa nani? Nanyi wanafunzi, siku mtakapopewa kuwasimamia wenzenu, jiulizeni ninyi wenyewe maswali hayo kabla hamjaulizwa. Asiyekubali kusimamiwa, asipewe kusimamia.